Bafu la Warumi Chini ya Ghorofa Yetu

Jumapili, 16 Oktoba 2011

Mvua imeanza, na nyumba imeanza kunuka. Si ile harufu ya mvua ya kwetu Kalemie, kando ya ziwa, ya udongo uliokuwa na kiu. Hii inatoka chini ya jengo, inapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, inapita nyuma ya pazia letu na kulala kwenye nguo za mtoto. Leo nimefua fulana za Peguy mara mbili, na nilipozinusa nilitamani kuzitupa dirishani.

Nasema pazia letu kwa sababu humu tuko familia nne katika chumba kikubwa kimoja, kila familia na pazia lake. Jiko ni moja, sinki ni moja. Sisi tuko watatu: mimi, Alain anayefanya kazi hapa bandarini Durban kwenye kampuni ya samaki, na Peguy wetu, ambaye juzi tu ametimiza mwaka mmoja. Pazia la jirani ni la Matilda, dada mkubwa wa Alain. Yeye ndiye ananishikia mtoto nikienda saluni kusuka, na tangu Peguy azaliwe hajamwita kwa jina. Anasema "mtoto wa Alain." Mimi ananiita "wewe."

Leo tena, nikimpa chupa ya uji ya mtoto, alisema: "Wewe na ndugu yangu mlikutana kambini Malawi kama mizigo miwili iliyopotea. Hakuna mahari, hakuna kanisa. Mama akinipigia kutoka kwetu Baraka nimuambie Alain iko anaishi na nani?"

Mimi nilikuwa nimebana pua.

Jumanne, 18 Oktoba

Wanaume wameshuka chini kutafuta maji yanakotoka. Kule zamani watu walikuwa wanaegesha magari, sasa ni giza na magodoro yaliyooza. Nyuma ya magodoro kulikuwa na ukuta wa mbao. Wakaung'oa, na mlio wa mshangao ukapanda ngazi hadi kwetu. Nikambeba Peguy mgongoni nikashuka na wengine, kila mtu na tochi ya simu yake.

Jamani. Nguzo nene, nyeupe, zimechongwa mistari kutoka juu hadi chini. Sakafu ya vijiwe vidogo vya bluu na vyeupe vilivyopangwa kuwa samaki na mizabibu. Katikati, bwawa la duara lenye ngazi za kushukia. Na ukutani juu ya bwawa, uso wa mwanamume wa jiwe mwenye ndevu za kujikunja, mdomo wazi, na mdomoni maji yanachuruzika.

Ningeweza kusema ni pazuri. Lakini kila nguzo ilikuwa na ute mweusi, mende walitukimbilia miguuni badala ya kutukimbia, na bwawani kulielea panya aliyevimba kama mkate.

Aliyetuambia ni kitu gani ni Pasta Ruphin. Kanisa letu linapanga ukumbi wa chini, ule ulio karibu na duka la simu la Ameir, na Pasta alisoma seminari Bukavu miaka miwili kabla hajaokoka. Aligusa nguzo, kisha akavua kofia.

"Bandugu," akasema, "hii kazi ni ya Warumi. Nguzo hizi niliziona kwenye kitabu, na sura hii pia. Wale wale Warumi ambao Paulo aliwaandikia."

Ameir, ambaye ni Mzanzibari na Mwislamu na alishuka kwa umbea tu, akauliza, "Pasta, samahani. Hao Warumi walifika Durban kwa basi gani?"

Watu wakacheka. Pasta hakucheka. "Ndugu Ameir, Warumi walikuwa na merikebu kabla babu yako hajawa na kanzu."

Peguy nilikuwa nimemshusha mgongoni, na nilipogeuka alikuwa anatafuna kitu. Nikaingiza kidole mdomoni mwake nikatoa kijiwe cha bluu cha sakafuni, kina ute. Nilikaribia kutapika pale pale mbele ya Warumi. Nyumbani nikamsugua ulimi kwa kitambaa na maji ya chumvi, akalia mpaka Matilda akasema, "Unamuchuna?" Kijiwe nilikiosha pia. Nilitaka kukitupa. Lakini kina bluu ya ajabu, kama ziwa letu saa nne za asubuhi. Nimekiweka kwenye kopo la pini, na Peguy akilitikisa kopo kinalia, anacheka.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mvua. Wateja wawili tu. Nimenunua sabuni.

Jumapili, 30 Oktoba

Siku ya furaha, acha niiandike vizuri.

Siku zote tunabatiza baharini, na kila mwaka kuna dada anapigwa na wimbi akatoka amepoteza wigi. Leo Pasta ametangaza: mwaka huu ubatizo utakuwa kwenye bwawa la Warumi, Jumapili kabla ya Noeli, kama Wakristo wa kwanza walivyobatizwa kwa kujificha. Na waliokuwa wanaishi pamoja bila kufunga ndoa, wakibatizwa, atawabariki siku ya mwaka mpya.

Alain akanibana mkono. Nikaelewa. Nikibatizwa, tutafunga ndoa. Tukifunga ndoa, picha itatumwa Baraka. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona, ataniita mkwe, na Peguy atakuwa mjukuu wa mtu, si mtoto wa njiani. Miaka mitatu nimeomba kitu hiki kimoja.

Matilda amepewa usimamizi wa kusafisha bwawa, kwa sababu ni shemasi na kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mkono. Pasta alisema pia habari ya maji. Tumeona wote kwamba mdomo wa jiwe saa nyingine unachuruzika tu, saa nyingine unabubujika. Asubuhi na jioni ndiyo unabubujika sana. "Mnakumbuka birika la Bethzatha," alisema. "Malaika alishuka na kuyatibua maji." Watu wakasema amina. Na mimi nilisema, tena kwa sauti.

Jumatatu, 7 Novemba

Matilda anarudi kutoka chini amelowa hadi magotini. Anasugua kwa brashi, pekupeku, kwa sababu Pasta amesema viatu vitakwaruza samaki wa sakafuni. Ananuka. Sijui niandikeje. Ni kama yai lililooza ndani ya soksi. Halafu anamchukua mwanangu kwa mikono ile ile na kumbusu shingoni.

Leo nilimwambia, kwa upole, kwa jina tunalomwita dada mkubwa kwetu, "Yaya, labda unawe kwanza."

Akaniangalia kutoka unyayo hadi kichwani. "Wewe unaninusa mimi?"

Jioni Peguy alinuka bwawa. Nilimwosha nikilia kwa hasira. Namchukia yule mwanamke. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 11 Novemba

Kijiwe cha pili kimebanduka, Ameir akakigeuza dukani kwake chini ya taa ya kutengenezea simu. Nyuma kimepigwa chapa ya kiwanda cha Uingereza. Ameir alifurahi kama aliyepata mtaji. Akamngojea Pasta mlangoni.

"Pasta, Warumi wako wametoka England. Hili lilikuwa bafu la mabwana wakubwa wa enzi za wakoloni, walilipamba kwa mtindo wa Kirumi ili wajione watukufu wakisuguliwa mgongo."

Pasta akakiangalia kijiwe, hakushtuka hata kidogo. "Na Waingereza nani aliwatawala kwanza? Si Warumi?"

Ameir akakitia kijiwe mfukoni, akarudi kwenye simu zake. Nilicheka njia nzima hadi kwenye robot, taa za barabarani, ingawa sikujua nimcheke nani.

Jumanne, 15 Novemba

Alain ameleta kutoka kazini suruali ya mpira, ile ndefu inayofika kifuani na buti zake zimeshikana nayo, wanavaa wakiosha matangi ya samaki. Imetoboka karibu na kifundo cha mguu. Nilimsaidia kuiziba kwa kipande cha mpira wa njano na gundi. Nikamuuliza ni ya nini nyumbani. "Ya kazi," akasema. Inanuka samaki, lakini siku hizi samaki kwangu ni marashi.

Jumamosi, 19 Novemba

Peguy ameharisha tangu jana. Nepi zote zimechafuka, sinki halipumziki. Jirani wa pazia la dirishani amelalamika kwamba anaoshea mchele pale pale ninapoosha nepi. Ana haki. Nami najionea kinyaa mwenyewe, lakini nitaoshea wapi?

Jumamosi, 26 Novemba

Peguy amepona, Mungu ashukuriwe. Leo ni mimi ninayeumwa, roho.

Asubuhi nilimsuka Mkenya mmoja hapa nyumbani, rasta za rangi ya mvinyo, rangi ambayo hakuna mwingine humu anayo. Nikamaliza, nikaosha vitana, mabaki ya nywele yakashuka kwenye sinki. Halafu nikafua nepi, kwa sabuni nyingi, kwa sababu Jumamosi kila mtu anafua. Kisha nikashuka chini kumpelekea Matilda chai. Alain alinituma, akasema tupatane.

Bwawani povu lilikuwa limejaa hadi ngazi ya pili. Jeupe, limesimama, zuri. Wamama wawili wa kanisa walikuwa wanapiga picha. "Malaika ameshuka," mmoja akaniambia.

Nikamwangalia mtu wa jiwe. Mdomoni, kwenye mdomo wa chini, palining'inia nywele. Za rangi ya mvinyo. Zilikuwa zinatoka polepole kama tambi, akizitapika. Halafu ikatoka punje ya mchele. Halafu nyingine.

Nilisimama na kikombe cha chai. Asubuhi na jioni, tunapooga na kupika, ndipo malaika anashuka. Jumamosi tunapofua, ndipo povu. Maji ya Warumi ni sisi. Ni sinki letu, ni nepi za Peguy, na kama bomba la sinki limepasuka ukutani, Mungu anajua na bomba gani lingine. Wiki nzima iliyopita kuhara kwa mwanangu kulipita mdomoni mwa yule mzee wa jiwe, na watu wakasema amina.

Matilda alikuwa amesimama katikati ya lile povu, anasugua. Akapokea chai. Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Alipopanda ngazi ya kwanza niliona miguu yake chini ya magoti. Vidonda, vingine vimefunguka, vya njano pembeni.

"Usiangalie," akasema. "Ni mbu."

Jumapili, 27 Novemba

Mvua kubwa usiku kucha, mji umejaa wageni wa mkutano wa hali ya hewa, na barabara ya mbele imekuwa mto.

Baada ya ibada nilimfuata Pasta. Nilimweleza yote, nywele, mchele, nepi. Niliogopa, kwa sababu mimi nimeishia darasa la sita na yeye anajua Kilatini. Alinisikiliza kwa upole mkubwa. Kisha akasema:

"Mama Peguy, Naamani alidharau mto wa Yordani kwa sababu ya matope. Asingezama, angerudi kwao na ukoma wake. Wewe unataka kurudi na nini?"

"Pasta, si matope. Ni mavi."

"Imani inasafisha." Akanigusa bega. "Na kumbuka, asiyebatizwa siwezi kumfungisha ndoa. Haingekuwa haki kwa wengine."

Nilipompata Alain nikamwambia. Akakaa kitandani, akavuta uzi wa blanketi. "Usiseme kwa watu," akasema. "Ni kuzama mara moja tu, chérie. Unafumba macho, unafumba mdomo, unatoka, unaoga. Halafu sisi ni mtu na mke wake."

Nilitazama mgongo wake. Nampenda huyu mtu. Leo nilimwonea kinyaa.

Jumatano, 7 Desemba

Nimejaribu kufumba macho na mdomo kwenye beseni. Naweza.

Jumapili, 18 Desemba

Naandika mikono ikiwa bado inanuka dawa.

Tulikuwa wabatizwa kumi hivi, kanzu nyeupe, vilemba vyeupe. Wamewasha mishumaa juu ya nguzo zilizovunjika, na kwa mwanga ule, ukijisahaulisha pua, pale mahali palikuwa kama mbinguni. Kwaya iliimba huku imejifunika leso. Bwawa lilijaa hadi kiunoni, la kijivu hafifu hata samaki wa sakafuni walionekana, na juu yake ngozi ya mafuta iliyokuwa inajikunja kila mtu akipumua karibu.

Pasta alishuka kwanza, kwa kanzu yake ndefu. Matilda akashuka upande wa pili, yeye ndiye wa kutushika mgongo. Alishuka pekupeku. Maji yalipofika kwenye vidonda niliona akiuma meno, lakini hakusema neno.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Alain alisimama pembeni na Peguy mkononi, shati jeupe, mzuri kama siku ile kambini alipoleta ndoo yangu ya maji bila kuombwa. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Vuguvugu. Ningevumilia baridi. Nikajisemea, kwa ajili ya Peguy. Nikashuka ya pili.

Basi kanzu ya Pasta ikajaa hewa. Ilipanda juu ya maji polepole, ikamzunguka kama mwavuli, naye anajaribu kuishusha kwa viganja na inapanda upande mwingine. Na chini yake, ndani ya maji, mishumaa ikaonyesha kitu cheusi kinachong'aa, kutoka kifuani hadi chini. Na kwenye kifundo cha mguu, kipande cha njano.

Gundi ile niliipaka mimi.

Nikageuka kumtazama Alain. Akatazama juu, kwenye dari, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Niliporudisha macho, Matilda naye alikuwa ameinamisha kichwa. Aliangalia ule mpira mweusi. Halafu akaangalia miguu yake mwenyewe. Wiki zote zile pekupeku, kwa ajili ya samaki wa sakafuni.

"Pasta," akasema, wala hakupaza sauti. "Musa aliambiwa avue viatu."

Wanakwaya wakanyamaza mmoja mmoja.

"Dada Matilda, nina ugonjwa wa baridi ya mifupa."

"Minajua. Vua tu. Mahali hapa si patakatifu? Vua, uzame wa kwanza, mimi nitakushika mgongo."

Pasta akafungua mdomo. Kabla hajasema, mtu huko juu, anayepika chakula chake cha Jumapili na wala hana habari na sisi, alimwaga sufuria. Mzee wa jiwe akakohoa. Yakatoka maji ya moto, na maharage, na harufu ya kitunguu, moja kwa moja juu ya bega la Pasta. Haragwe moja likabaki kwenye kola.

Mmoja wa wabatizwa akacheka. Alijaribu kuzuia, ikatoka puani. Halafu wote.

Mimi sikucheka. Nilimpa Matilda mkono, akaushika, tukapanda ngazi. Hakuna aliyebatizwa.

Juu, nilichemsha maji, nikatia chumvi na Dettol, nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikachukua mguu wake mapajani. Sitadanganya: kwanza niligeuza uso. Usaha ulikuwa na harufu yake yenyewe, na kidonda kimoja kilikuwa kirefu kiasi cha kuingia ncha ya kidole. Nilipumua kwa mdomo. Nikaosha kimoja, nikafuta, nikaosha kingine.

"Ulijua?" akauliza.

"Maji, nilijua tangu mwezi jana. Nilimwambia Pasta. Suruali sikujua ni yake."

"Ukaniacha nikasugua?"

"Nilitaka kuolewa, yaya."

Nilingojea anitukane, ningestahili. Peguy akaja akitambaa, akashika kidole gumba cha mguu wake, ule ambao nilishausafisha.

"Peguy," Matilda akasema, "acha. Iko unanitekenya."

Nikainama zaidi juu ya beseni la maji ili asinione uso.

Jumatatu, 19 Desemba

Alain amerudisha suruali kazini. Alisema, "Pasta alinambia ni ya kusafishia bwawa. Jumamosi ndipo nilijua, nikaogopa atatukataa." Akasema pia, "Nilitaka uitwe mke." Nimempikia. Kumjibu, bado.

Alhamisi, 22 Desemba

Vidonda vinakauka. Mwenye jengo amesikia, ametuma watu na matofali. Bomba hawajalitengeneza, wamejenga ukuta tu. Pasta anatafuta ukumbi mwingine, wanasema huko Isipingo, nje ya mji.

Jumamosi, 31 Desemba

Mvua imepumzika. Matilda ametembea mwenyewe hadi duka la Ameir, mimi nyuma na mtoto. Ameir akamwekea kiti, akamuuliza, "Shemasi, Warumi hawajambo?" Matilda akamwambia, "Wanakusalimia, wanasema basi lilichelewa." Sikujua kama anaweza kutania.

Akapiga Baraka. Ni mbali, mtandao unakwama, ilibidi apige kelele, kwa hiyo duka zima lilisikia.

"Mama? Ni Matilda. Tuko wazima. Alain iko muzima. Hapana, hajafunga ndoa. Bado. Sikiliza, Mama. Iko na mke. Nasema iko na mke. Mimi ndiye nasema." Kimya, mtandao. "Anaitwa Clementina."

Miaka mitatu. Hata sikujua kama analijua jina langu.

Halafu akamuwekea Peguy simu sikioni, na Peguy akapumua ndani yake, akapumua tu, na huko Baraka bibi mmoja alikuwa anapiga vigelegele hadi Ameir akapunguza sauti ya redio.

Jioni nimefungua kopo la pini. Kile kijiwe cha bluu nimekifunga kwenye gazeti nikakitupa pipani, barabarani, mbali. Kisha nimenawa mikono, hadi kwenye viwiko. Peguy amekitafuta chini ya kitanda mpaka amesinzia.